Muulize Anti: IST naziona kila kona, mbona yangu haiji?

Shikamoo Anti. Mimi ni bodaboda, kijiwe chetu kipo karibu na stendi ya Magufuli pale Mbezi, nina mke na mtoto mmoja. Mwaka jana jamaa yangu alinipeleka semina, kiingilio elfu thelathini, motivesheno spika akatuambia kile unachokifokasia ndo kinachokuja kwako, kila mtu achague kitu kimoja akiwaze asubuhi mchana usiku. Mi nikachagua gari, Toyota IST nyeusi, nikaweka picha yake kwenye skrini ya simu, nikiamka naiona nikilala naiona. Kweli Anti tangu hapo naziona IST nyeusi kila kona, jana peke yake nimehesabu 17, jamaa anasema hiyo ni ishara inanikaribia. Ila miezi nane sasa hela ya gari sina, pikipiki yenyewe ya mkataba, na nimekuwa mtu wa hasira, wife anasema nakula sijui hata nimekula nini. Juzi mtoto kaanza kutembea, mi nipo pale pale sebuleni naangalia bei za magari kwenye simu, nakuja kushtuka keshafika kwenye kochi na mama yake anapiga vigelegele. Swali langu, niongeze fokasi au nimepigwa?
Dereva, Mbezi

Marahaba mwanangu. Umepigwa nusu. Nusu nyingine yule spika kasema kweli, shida ni kwamba hajui ni nusu ipi, na elfu thelathini yako keshaila.

Tuanze na hizo 17. Zilikuwepo! Dar hii IST ni kama kunguru, ukitaka kuhesabu utahesabu mpaka jioni. Umeyapa macho kazi ya kutafuta IST nyeusi, nayo yanafanya kazi, ndo maana zile nyeupe na za silva hukuniandikia ni ngapi na nina hakika zilipita nyingi tu. Mwanamke akishika mimba anaona wajawazito daladala nzima. Ukinunua shati jipya kesho yake unakuta nusu ya mtaa wanalo. Hakuna kinachokukaribia hapo, ni wewe umeanza kuvitambua.

Na hili wala hukuhitaji semina kulijua kwa sababu kazi yako ndo hiyo hiyo. Abiria anatoka stendi na begi lake, yupo ng'ambo ya barabara, hajanyanyua hata mkono, wewe ushamuona na ushapiga kiki. Mimi nikisimama hapo hapo naona vumbi, mabasi na muuza korosho, abiria simuoni. Mlio kidogo tu kwenye cheni unausikia wakati uliyembeba nyuma anasikia kelele za mji mzima. Tumesimama barabara moja ila siku tuliyoiona sio moja, kila mtu kaondoka na ya kwake.

Sasa hapa ndo pabaya. Macho ukishayapa kazi moja, mengine yanayaacha, na hayakutaarifu kwamba yameyaacha. Mwaka 1999 kuna watafiti wawili wa chuo cha Harvard kule Marekani, Daniel Simons na Christopher Chabris, walitoa matokeo ya jaribio ambalo mpaka leo watu wanalicheka. Waliwaonyesha watu video ya vijana wanapasiana mpira, wengine fulana nyeupe wengine nyeusi, wakaambiwa hesabuni pasi za hawa wa nyeupe. Katikati ya mchezo akaingia mtu kavaa vazi la gorila, akapita hapo hapo kati ya wachezaji akatoka zake. Karibu nusu ya watazamaji hawakumuona! Ukiwaambia wanakataa, wanasema mmebadilisha video. Na usidhani ni uzembe, mwaka 2013 wengine wakaja kuwajaribu madaktari bingwa wa kusoma picha za mionzi, 24, wakawapa picha za mapafu watafute vivimbe vidogo, kwenye picha za mwisho wakabandika kagorila. Kwa ukubwa kalikuwa kama mara 48 ya kile wanachokitafuta. Madaktari 20 hawakukaona. Watu wamesomea, macho yao mazima, yanaangalia pale pale.

We gorila wako alikuwa mtoto. Simaanishi vibaya baba, naye hana kosa, lakini kapita katikati ya sebule na wewe ulikuwa bize kuhesabu pasi.

Kuhusu hasira, nadhani inatokana na kitu kingine kidogo. Mwaka 1998 David Schkade na Daniel Kahneman (huyu baadaye alipata Nobel ya uchumi) waliwauliza wanafunzi wa California, kwenye jua na hali ya hewa nzuri, na wanafunzi wa majimbo ya katikati ya Marekani kwenye baridi kali, je umeridhika na maisha yako? Majibu yakawa sawa tu. Ila walipoulizwa wakadirie mwenzao wa upande mwingine ameridhika kiasi gani, pande zote zikasema wa California lazima yuko juu. Kwa nini, kwa sababu ukitajiwa California unaona jua, huoni kodi ya nyumba, mitihani, kugombana na mpenzi, na vyote hivyo vipo huko huko juani. Na wewe ukiiangalia ile picha unaona IST inang'aa imepaki yenyewe. Huoni foleni ya Ubungo saa kumi na mbili jioni, mafuta, bima, trafiki, na shemeji anayetaka lifti ya Bagamoyo kila Jumapili. Mwenye nayo anaviona hivyo vyote, ndo maana hatembei anacheka barabarani kama ulivyotarajia. Halafu kila ukiwasha simu unaambiwa tena, hii huna. Mara ngapi kwa siku? Mi ningekuwa na hasira kufika saa nne asubuhi.

Sikwambii uache kutaka gari. Wala sikwambii uangalie mazuri tu halafu bosi wa pikipiki atakupunguzia hesabu, hesabu ni hesabu na njaa haiondoki kwa kuiangalia vingine, hao wanaowahubiria maskini washukuru tu mi huwa wananikera sana. Nakwambia fokasi hailipi gari, inaamua utaona nini, basi ielekeze kwenye kinacholipa gari. Toa hiyo picha leo. Chukua kidaftari, andika kila jioni umeingiza ngapi, umetoa ngapi, umebakiza ngapi, usipokiangalia kibubu hukioni kinavyovuja. Ungeweka elfu mbili tu kila siku kwa hiyo miezi nane ungekuwa na kama laki nne na themanini, ambayo sio IST ila ni kitu unakishika. Na ukifika nyumbani simu ikae kwenye chaji chumba kingine mpaka ule umalize. Mtoto akianza kutembea siku mbili tatu anaanza kukimbia, hiyo usiikose.

Na jambo moja sikulipenda kwenye barua yako. Ulizihesabu 17 ukiwa unaendesha au umepaki? Usinijibu, mjibu mkeo.

Anti, mwanangu wa miaka 6 alimwagikiwa na uji wa moto mguuni. Kidonda kinapona ila kila tukienda kubadilisha bandeji analia mpaka na mimi nalia. Namshika namwambia angalia mwanangu, wanakaribia kumaliza, vumilia. Dada yangu anasema nimpe simu acheze gemu, mi naona kama namdanganya mtoto.
Mama, Tanga

Pole sana mdogo wangu, mwambie na mwenyewe pole. Dada yako yuko sahihi, mpe simu.

Maumivu nayo yanataka kuangaliwa. Kidonda kinapeleka taarifa ila kinaumaje inategemea pia akili ipo wapi muda huo, ndo maana mtu anajikata mpirani anakuja kuona damu refa keshamaliza mchezo. Kule Seattle, Marekani, wataalamu wa chuo kikuu cha Washington walitengeneza gemu kwa ajili ya watu walioungua, mgonjwa anavalishwa miwani maalum akiwa anasafishwa kidonda, anajikuta yupo kwenye bonde la theluji anarushia mipira ya theluji mapengwini. Wagonjwa wakasema maumivu yalipungua sana wakati huo. Hakuna udanganyifu hapo, akili ya mtoto ni moja, ikishikwa na mapengwini inayobaki kwa ajili ya bandeji ni kidogo.

Muhimu mpe gemu anayotakiwa kucheza yeye, sio katuni ya kutazama, mikono na kichwa viwe na kazi. Simu ikiisha chaji una vitendawili, mtegee anavyovijua nusu nusu, au mhesabu vigae vya ukutani kurudi nyuma. Na hilo neno "angalia" liache kabisa, unamrudisha kwenye kidonda. Ila hao wa Seattle dawa za maumivu walikuwa wanatoa pia, kwa hiyo muulize nesi kama anaweza kupewa ya kwake mapema kabla hamjaanza, usione aibu kuuliza, gemu haikai badala ya dawa.

Anti nimeachana na mtu miezi mitatu iliyopita. Kila asubuhi najiapiza leo simuwazi na ndo siku ninayomuwaza zaidi. Nimerogwa?
Binti, Morogoro

Hujarogwa. Mwaka 1987 Daniel Wegner kule Marekani aliwaambia watu wakae dakika tano wasimuwaze dubu mweupe, akiwajia wagonge kengele. Walizigonga! Ili uhakikishe humuwazi lazima ujikague, na ukijikagua ushamuwaza. Kilichosaidia kidogo ni kuwapa kitu kimoja cha kukimbilia dubu akija, yeye aliwaambia wawaze gari, Volkswagen nyekundu. Kwa hiyo acha viapo, chagua kitu kimoja, kile kile kila akikujia kichwani, mashono ya kitenge, kwaya, chochote. Ukichagua gari likawa IST nyeusi nitajie mapema, kuna kijana Mbezi anazihesabu.

Na ufute namba yake, maana najua stetasi zake bado unaziangalia.