Kabla ya Kugusa Rejista ya Windows, Pima Diski

Wengi wanaoniletea kompyuta inayokwamakwama huwa wamekwisha kuipitishia programu mbili tatu za kusafisha rejista, na kila moja imewatangazia kwamba imegundua mamia ya hitilafu na kuziondoa, ilhali kompyuta imebaki vilevile au imezidi kuwa nzito. Kazi ya ufundi imenipa msimamo ambao sijaona sababu ya kuuacha: katika Windows, diski ndiyo ya kwanza kushukiwa, na rejista ni ya mwisho.

Rejista ni hazina ya mipangilio, na sehemu yake kubwa imo katika mafaili machache ndani ya folda ya C:\Windows\System32\config. Mfumo hauyasomi yote kila unapohitaji jambo, bali huuendea ufunguo (kifungu cha mipangilio) unaohusika. Kwa hiyo masalia ya programu iliyoondolewa mwaka juzi hayapunguzi kasi kwa kiasi cha mtu kukihisi, lakini kufuta ufunguo mmoja ambao bado unatumika kunaweza kuizuia programu isifunguke, au hata Windows yenyewe isiwake. Microsoft wenyewe wametamka kwamba hawaungi mkono matumizi ya visafishaji hivyo. Isitoshe, mafaili hayo yamekaa diskini kama mafaili mengine, na ndiyo maana ujumbe wa kuharibika kwa rejista mara nyingi huwa ni dalili tu ya sekta mbovu (vipande vidogo vya diski visivyosomeka vizuri) au ya umeme uliokatika wakati mfumo ukiandika.

Anza basi kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha utazame diski katika sehemu ya utendaji (Performance). Ikiwa inaonyesha asilimia 100 huku data inayosomwa ni kidogo sana na muda wa kuitikia umefika mamia au maelfu ya milisekunde, diski inahangaika. Hapo mimi hutumia CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma kumbukumbu za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe. Katika diski za kuzunguka, mistari ninayoiangalia kwanza ni 05, C5 na C6, inayohusu sekta zilizohamishwa, zinazosubiri kuamuliwa na zilizoshindikana kusomeka. Mstari wa C7 una habari tofauti, kwani huhesabu makosa ya data inayopita kwenye waya: ukiendelea kupanda huku ile mingine imetulia, badilisha waya wa SATA, ule unaounganisha diski na kompyuta, kabla ya kununua diski mpya, kwani waya ni bei ndogo sana.

Sekta mbovu zikiwa zinaongezeka, nakili mafaili yako kwanza, ukianza na yale yasiyoweza kupatikana kwingine, kama picha za familia na hesabu za biashara. Usikimbilie chkdsk (amri ya Windows ya kukagua diski) yenye /r, kwa sababu hupekua diski nzima, na diski iliyochoka inaweza kuzimika kabisa katikati ya upekuzi huo. (Mafundi wanaoiendesha kabla ya kumuuliza mteja kama ana nakala hunishangaza.)

Diski ikiwa nzima, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, uandike chkdsk C: /f, ukubali ukaguzi ufanyike kompyuta itakapowashwa upya. Baada ya hapo endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc /scannow. Mpangilio huo una maana, kwa kuwa sfc hurekebisha mafaili ya mfumo kwa kuchukua nakala safi kutoka ghala ambalo DISM ndiyo hulikarabati. DISM kwa kawaida huvuta mafaili kupitia intaneti, hivyo anayetegemea bando la simu ahakikishe halitaisha njiani.

Diski za SSD, zisizo na sehemu inayozunguka, hazihitaji kupangwa upya (defrag) kwa programu za kando, kwani tangu Windows 8 zana ya mfumo yenyewe huzitambua na kuzipelekea amri ya TRIM, inayoziambia ni nafasi zipi hazitumiki tena.

Rejista huiingia pale tu ninapoujua ufunguo ninaoutafuta kwa jina lake. Hata hapo hutengeneza kwanza sehemu ya kurejeshea mfumo (restore point), baada ya kuhakikisha ulinzi wa mfumo umewashwa, maana katika kompyuta nyingi huwa umezimwa, kisha nikausafirisha ufunguo huo kuwa faili la .reg na kulihifadhi katika flashi, nje ya diski ninayoishughulikia.