Upepo na jua vikiongezeka, gridi itaanguka?

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Nafundisha fizikia hapa Mafinga, wilaya ya Mufindi yenye mitambo ya upepo ya Mwenga. Fundi mmoja kaniambia umeme wa upepo na jua ukizidi, gridi ya taifa itazimika ovyo. Wanafunzi wananiuliza. Ni kweli?

Jibu: Nzuri, mwalimu. Fundi ameona tatizo la kweli, ila linatibika.

Gridi yetu inakwenda kwa masafa ya hezi 50, yaani mizunguko 50 kila sekunde, na masafa hayo hushuka mara tu matumizi yanapozidi uzalishaji. Fikiria mashine ya kusaga ya dizeli: debe la mahindi likimwagwa kwa mkupuo injini inalemewa, lakini gurudumu lake zito linaibeba mpaka mafuta yaongezeke. Rota, yaani sehemu nzito zinazozunguka, za mitambo ya umeme wa maji ya Kidatu, Mtera na Kihansi hufanya kazi hiyohiyo. Mtambo mmoja ukichomoka, uzito wao huchelewesha anguko la masafa kwa sekunde chache, gavana, yaani vidhibiti vya kasi ya mitambo, zikapata muda wa kuanza kufungua maji. Paneli za jua hazina kinachozunguka. Mitambo mingi ya kisasa ya upepo inazunguka, lakini imeungwa kupitia vifaa vya kielektroniki, kwa hiyo gridi haiuhisi uzito wake.

Tarehe 28 Septemba 2016 dhoruba iliangusha minara ya umeme Australia Kusini, jimbo zima likawa gizani. Uchunguzi ulikuta kwamba mitambo kadhaa ya upepo ilijitoa yenyewe kwa sababu ilipangwa kuvumilia idadi ndogo tu ya mitikisiko ya volteji. Mipangilio ikabadilishwa. Mwaka 2017 ikafungwa betri ya megawati 100 kule Hornsdale, inayojibu kabla hata sekunde haijaisha. Ndiyo maana nasisitiza mipangilio ya inveta, yaani vile vifaa vya kielektroniki vinavyounganisha jua na upepo na gridi, ikaguliwe kabla mradi wowote haujaunganishwa.

Sisi Nyanda za Juu Kusini tuna bahati ya mabwawa. Jua likiwaka, maji ya Mtera yanaweza kubanwa, yakafunguliwa jioni watu wanapowasha taa na pasi. Tena Mbeya iko mbali, mwishoni mwa njia ndefu ya kilovolti 220 itokayo Iringa, ambako volteji hushuka kirahisi. Inveta nzuri iliyo karibu na watumiaji huweza kuinyanyua.

Wape wanafunzi hesabu hii: nishati ya rota hufuata mraba wa kasi yake. Masafa yakishuka kutoka hezi 50 hadi 49, rota imetoa karibu asilimia 4 tu ya nishati yake. Waulize, iliyobaki kwa nini hatuwezi kuitumia?