Ukigombea Texas, Taarifa za Fedha Haziishi Siku ya Kura

Nilipokubali kuwa mweka hazina wa rafiki yangu aliyegombea ubunge wa jimbo hapa Texas, tuliwasilisha fomu ya uteuzi wangu kwa Tume ya Maadili ya Texas kabla ya kupokea hata dola moja, kama sheria inavyotaka. Tulipoteleza ni kwenye fedha taslimu, na baadaye katika miezi iliyofuata baada ya kushindwa.

Jumamosi moja, baada ya kikao cha chama chetu cha kufa na kuzikana, mwenyekiti alinikabidhi bahasha ya kaki yenye noti za dola 640, na nyuma yake pameandikwa kwa kalamu ya risasi: "Wanachama." Kwetu mchango wa namna hiyo ni heshima, na si adabu kuuliza nani katoa kiasi gani. Hata hivyo, mgombea wa Texas haruhusiwi kupokea zaidi ya dola 100 taslimu kutoka kwa mtu mmoja katika kipindi kimoja cha taarifa, ingawa kwa hundi ya mtu binafsi mgombea wa ubunge hana kikomo. Nilimwambia, "Mzee, shikamoo tena, naomba tukae." Tulipiga simu hadi usiku, tukaandika majina, anwani na kiasi. Wawili walikuwa wanafunzi wenye viza, nasi tuliwarudishia fedha zao, kwa kuwa sheria ya shirikisho inamzuia asiye raia wala mkazi wa kudumu kuchangia uchaguzi wowote wa Marekani, hata wa udiwani. Hundi ya kampuni nayo usiipokee kabisa.

Taarifa za nusu mwaka huwasilishwa Januari 15 na Julai 15. Mgombea mwenye mpinzani huongeza nyingine mbili, siku 30 na siku 8 kabla ya uchaguzi. Ninayoiogopa ni ya siku 8, kwa sababu hesabu zake hufungwa siku ya 10 kabla ya kura, na ukichelewa faini ni dola 500 siku ya kwanza na dola 100 kila siku inayofuata, hadi 10,000. Ndiyo maana nakushauri ufunge hesabu kila Ijumaa jioni, risiti zikiwa mezani.

Tulishindwa katika mchujo wa Machi, tukapumzika. Julai 15 ikapita, kisha barua ya faini ya dola 500 ikafika kwa jina la mgombea, kwa sababu Texas humwajibisha yeye mwenyewe, si mweka hazina wake. Nilimwomba radhi mbele ya mkewe, na iliniuma sana. Kumbe uteuzi wa mweka hazina huendelea kuwa hai, na taarifa hudaiwa hata kama hakuna senti iliyoingia wala kutoka, hadi mgombea awasilishe taarifa ya mwisho. Iwasilisheni mara madeni yanapolipwa na michango inapokoma, na kumbukumbu zote mzitunze kwa miaka miwili.