Seli si shamba la bibi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama homa ya mafua iliyokulaza imebadilisha jeni zako. Haijazibadilisha, virusi vya mafua havijiandiki kwenye DNA. Kinachobadilika ni jeni zipi zinafanya kazi na zipi zimenyamazishwa. Ila mimi kinachoninyima usingizi ni kingine: anayeziamsha na kuzinyamazisha ni nani?

Unamjua yule mhadhiri wangu. Alifundisha kwamba kirusi kikishaingia, seli haina lake. Nikanyoosha mkono, nikataja interferoni, protini ya kinga inayotolewa na seli, waliyoigundua wanasayansi Isaacs na Lindenmann London mwaka 1957. Walichukua virusi vya mafua vilivyokwisha kuuawa kwa joto, wakaviweka pamoja na vipande vya utando wa yai la kuku, na utando ukatoa kitu kilichozuia virusi hai kuzaliana. "Kaa chini binti, hujaulizwa." Darasa zima likacheka. Mpaka leo damu inanichemka. Virusi vilivyokufa vimwamuru nani? Ile ilikuwa kazi ya seli yenyewe!

Nimesema na nitasema tena: seli si shamba la bibi. Ina protini za kunusa RNA ya kirusi, yaani molekuli inayobeba maagizo ya jeni. Ikiinusa, hutoa interferoni, na mamia ya jeni huamka, hata katika seli jirani ambazo bado hazijaguswa.

Haya, tuseme ukweli, kirusi nacho si mnyonge. Kimeng'enya chake hukata ncha za mwanzo za RNA za seli na kuanzishia RNA zake. Protini yake iitwayo NS1 huvuruga utayarishaji wa RNA za seli na kuizima interferoni. Basi mhadhiri alisema kweli? Nusu. La, hata nusu namzidishia: kama seli haina lake, kirusi kinabeba NS1 ya nini?

Umeuliza pia kama ile homa na maumivu ya viungo vilikuwa kazi ya virusi au ya mwili wako. Wagonjwa wanaodungwa interferoni kama dawa, bila mafua yoyote, hupata homa na maumivu ya aina hiyohiyo. Ulimi unaniwasha nikukatie shauri. Lakini seli za koo lako zilizokufa, ziliuawa na kirusi au na ulinzi wenyewe? Siwezi kulipima hilo kwa barua, kwa hiyo hukumu naiacha, ingawa unajua nimeegemea wapi. Niandikie kama kikohozi kimeisha.

Mama yako