Ufunguo Huu Ni wa Nani?

SWALI: Naandikiana na wenzangu barua pepe zilizosimbwa. Kila nikiletewa ufunguo wa umma, yaani ule wa kufungia barua ili afungue mwenye ufunguo wa siri tu, huingiwa na shaka: ni wa mwenzangu kweli au wa mdukuzi? Nasikia blokicheni imemaliza tatizo hili. Je, ni kweli?

JIBU: Imemaliza? Hapana, imelihamisha tu. Tangu watafiti Diffie na Hellman walipochapisha wazo la funguo za umma mwaka 1976, shaka yako ndiyo kazi ngumu yenyewe. Kwenye tovuti tunategemea watoa vyeti, yaani mashirika yanayothibitisha ufunguo ni wa tovuti gani. Mmoja wao, DigiNotar ya Uholanzi, alidukuliwa mwaka 2011, vyeti bandia vikatolewa, hata kwa jina la Google. Mwaka huohuo kampuni ikafilisika.

Blokicheni haina mtoa cheti mmoja. Ni daftari lenye nakala kwenye kompyuta nyingi: unaandika jina na ufunguo wako, na anayetaka kuubadilisha lazima atie saini kwa ufunguo wako wa siri. Badiliko hubaki humo, kila mtu aone. Namecoin, mojawapo ya blokicheni, ilianza kusajili majina hivyo mwaka 2011.

Sasa, poteza huo wa siri uone! Mimi niliwahi kufuta diski yenye ufunguo wangu, nakala sina. Nikawapigia simu wenzangu mmoja mmoja, nimejaa aibu. Kwenye daftari lisilo na mwenyewe, ungemlilia nani?

Tena daftari halijui kama aliyejiandikisha kwa jina la mwenzako ni yeye. Mpigie, akusomee tarakimu za utambulisho wa ufunguo wake, ulinganishe na za ule ulioletewa. Sauti yake unaijua.