Adobo ya watu wawili, na vyungu vya kuachia mikahawa

SWALI: Mimi na mume wangu tulihamia Quezon City, nchini Ufilipino, na tumevipenda sana vyakula vya huku. Tatizo ni kwamba kila pishi tulilofundishwa na majirani ni la watu sita au wanane. Nilipogawa kwa nusu vipimo vya adobo ya kuku, yaani kuku wa kupikwa kwa siki na sosi ya soya, mchuzi ulikauka kabla nyama haijalainika na chumvi ikazidi. Sinigang nayo, ile supu chachu ya ukwaju, tuliila siku tatu mfululizo hadi mboga zikasambaratika. Tukienda kula nje, sahani moja ya kare-kare, kitoweo cha mchuzi wa karanga, inatushibisha kabisa, kwa hiyo hatuonji kitu kingine. Je, tufanyeje? – Msomaji wa Quezon City

JIBU: Dada yetu, adobo yako iliharibiwa na sufuria. Ukipunguza nyama na mchuzi kwa nusu huku ukibaki na sufuria ileile pana, maji hupotea kwa kasi ileile ya awali, ilhali chumvi ya sosi ya soya haiendi popote, hivyo mchuzi huwa mchache na mkali kabla kuku hajaiva. Kwa nusu kilo ya kuku chukua sufuria ndogo ambayo vipande vitakaa vimebanana, tia robo kikombe cha siki, sosi ya soya pungufu kidogo ya hapo, punje sita za kitunguu saumu zilizopondwa, jani moja la laureli, nusu kijiko cha chai cha pilipili manga nzima, na maji ya kutosha kukaribia kuifunika nyama, hata kama yatazidi nusu ya yale uliyofundishwa. Wapishi wengi wa huko hushikilia kwamba siki ikishatiwa isikorogwe wala sufuria isifunikwe hadi ichemke vizuri na harufu yake kali ipungue, nami nakushauri ulifuate hilo bila kulipinga.

Hata hivyo, kama ungeniuliza mimi, adobo nisingeipunguza kabisa. Siki na chumvi ndivyo vilivyoifanya iwe chakula cha kukaa tangu zamani, na ladha yake siku ya pili ni nzuri kuliko ya siku ya kwanza. Pikeni kilo nzima, mle usiku mmoja pamoja na mchuzi wake, mengine yahifadhiwe kwenye jokofu, kisha siku inayofuata zitoeni nyama na kuzikaanga kwa mafuta yake yenyewe hadi zikauke kingo. Hapo ndipo wali uliobaki unapopata kazi. Huenda umekwisha kugundua kwamba Kitagalogi, kama Kiswahili chetu, hakikubali neno moja kwa nafaka hiyo: mpunga ni palay, mchele ni bigas, wali ni kanin, na kiporo chake kina jina lake, bahaw. Kiporo hicho kikikaangwa kwa kitunguu saumu kingi huitwa sinangag, na wali wa moto uliopikwa papo hapo haufai kwa pishi hilo, kwa kuwa hushikana. Wekeni yai la kukaanga pembeni na mtakuwa na kifungua kinywa kamili cha watu wawili, bila kununua chochote kipya isipokuwa mayai.

Sinigang inataka njia nyingine, kwa sababu kinachoharibika mle ni mboga, wala si supu. Chemsheni nyama au mbavu pamoja na nyanya na vitunguu, tieni ukali wa ukwaju mbichi uliochemshwa na kupondwa, kisha gawanyeni supu hiyo mara mbili kabla hamjatia jani lolote. Nusu moja ihifadhiwe kwenye jokofu ikiwa tupu. Nyingine ipate bamia, figili, bilinganya na, mwishoni kabisa, kangkong, ambayo ni mboga ya majani. Siku mtakayoitaka ile ya pili, mtanunua mboga za siku hiyo. Jambo hili ni rahisi huko kuliko sehemu nyingi, kwa kuwa duka dogo la mtaani, sari-sari, huuza kwa tingi, yaani kwa kiasi kidogo kidogo: siki kidogo, kitunguu saumu kimoja, kipakiti cha pilipili manga. Mnaopika kwa wawili msione haya kununua hivyo. Tinola, yaani kuku wa tangawizi na papai bichi, huhitaji gumba moja tu la tangawizi na konzi ya malunggay, ambayo ni majani ya mlonge.

Sasa kuhusu kula nje. Ushauri wangu ni kwamba pishi linalodai chungu kikubwa au moto mkubwa liachieni mikahawa: lechon, ambayo ni nguruwe mzima wa kuchomwa juu ya makaa, au hiyo kare-kare, ambayo mkia wake wa ng'ombe huchukua saa nyingi kulainika katika mchuzi wa karanga. Msiende mgahawani kuagiza adobo. Mkitaka kuonja mengi, nendeni kwenye karinderia, yaani migahawa midogo ya mtaani, za aina ya turo-turo, ambako vyungu hupangwa mbele yenu nanyi huonyesha kwa kidole mnachotaka. Ombeni nusu sahani, maana nyingi hukubali, na kwa njia hiyo watu wawili huweza kuonja vitoweo vinne. Kwenye dampa, ambako mnanunua samaki na kamba sokoni kisha mgahawa wa jirani unawapikia kwa malipo, ulizeni kwanza gharama ya kupikiwa kiasi kidogo. Kama nguruwe hamli, swali la kukariri ni «May baboy ba ito?», na mliulize hata kwa sahani za mboga, kwani mara nyingi huungwa kwa vipande vyake. Bili ikiwa na ada ya huduma, jueni kwamba sheria ya mwaka 2019 inaagiza ada hiyo yote iende kwa wafanyakazi.

Kare-kare ikiwashinda, ombeni mfungiwe iliyobaki, lakini bagoong, yaani uduvi waliochachushwa kwa chumvi, ifungwe mbali. Ikilala ndani ya mchuzi wa karanga, asubuhi hamtaweza kuipunguza chumvi yake. Ikiwa pembeni, kila mmoja wenu atajitilia kiasi chake juu ya wali wa moto.