Familia nzima iko madhabahuni, mimi niko jikoni

*Shangazi, shikamoo. Nimeolewa Marangu, tunaishi Dar es Salaam na watoto wetu wawili. Mume wangu ni kitindamimba, kwa hiyo nyumba ya wazazi ndiyo itakuja kuwa yetu, na kila Krismasi ukoo wote unashukia hapo. Mwaka jana tulikuwa watu 31. Mimi ndiye ninayepika. Tarehe 25 familia inakwenda kutoa shukrani kanisani kwa pamoja: wanaitwa mbele na bahasha, shemeji mkubwa anasema neno, kisha wanapiga picha nje. Mimi nayasikia yote kwenye kipaza sauti nikiwa mgombani nyuma ya jiko, namenya ndizi za machalari. Mwaka jana ile picha iliingia kwenye grupu la familia na maneno, "Tunamshukuru Mungu, familia imekamilika." Binti yangu wa miaka 11 akaniuliza, "Mama, wewe ulikuwa wapi?" Nimemwambia mume wangu mwaka huu nibaki Dar, anasema nawakataa ndugu zake. Shemeji anasema huduma ni ibada, nisiwe mlalamishi kama Martha. Wifi zangu hawagusi kitu. Mmoja alijaribu mwaka juzi akaunguza mtori, tangu hapo nafanya mwenyewe. Je, nakosea kutaka na mimi nikae kanisani?*

*Mama wa Wawili, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu, na pole. Hukosei. Ningeweza kuishia hapo, ila najua ukilipeleka jibu hilo kwa shemeji yako halitakufikisha popote.

Tuanze na huyo Martha, maana naona ametumwa kuja kukufunga mdomo. Habari yake iko Luka sura ya 10. Martha alilalamika kwamba ameachiwa kazi peke yake, na Yesu hakumwambia anyamaze arudi jikoni. Alimwambia anahangaika na mambo mengi, na kwamba nduguye aliyekaa kusikiliza amechagua lililo jema, wala hataondolewa. Mtu akisoma hapo akatoka na fundisho la kumwacha mwanamke mgombani wakati ibada inaendelea, na arudie kusoma taratibu. Tena kama anatafuta fungu la huduma, lipo Yohana 13. Aliyeinuka mezani akajifunga kitambaa kiunoni na kuwaosha wenzake miguu alikuwa mkubwa wa meza ile, wala hakumtafuta mke wa kitindamimba amfanyie. Huduma ni ibada, hilo shemeji kasema kweli. Basi na yeye aje aabudu, masufuria yapo.

Hata hivyo usibaki Dar. Ukibaki, utakosekana kwenye picha mara ya pili, na safari hii watasema ni kwa kupenda kwako. Watoto watakula sikukuu bila mama, bibi yao atauliza kuna ugomvi gani, na lile ulilotaka hasa, kukaa benchi moja na mumeo na wanao mkimshukuru Mungu kwa mwaka kuisha mkiwa wazima, utakuwa umelikosa vilevile.

Kuna jambo umeliandika kwa kupita tu, nami naona ndilo lenye nguvu kuliko yote. Kwa mila ya uchagani nyumba ya baba humwendea mtoto wa kiume wa mwisho. Hilo umelichukua kama mzigo, kwamba jiko la wote limeangukia kwako. Hebu ligeuze. Mwenye nyumba ndiye anayepanga. Wewe si msichana wa kazi aliyeletwa kwa basi kutoka Mbezi, ni mama wa boma hilo kesho na keshokutwa, na mama wa boma ana haki ya kusema nani achote maji, nani amenye, chakula kiive saa ngapi.

Ila mama wa boma pia huvumilia mtori ulioungua. Hapo nakugombeza kidogo, mwanangu. Wifi yako alijaribu, akaunguza, ukampokonya mwiko. Umeandika "tangu hapo nafanya mwenyewe" halafu umeandika kwamba hawagusi kitu. Nani atagusa? Nahisi sehemu fulani ya moyo wako inapenda kusikia kwamba hakuna anayepika machalari kama wewe. Si dhambi. Lakini huwezi kushika sifa yote ya jiko na wakati huohuo ukawadai wenzako mikono. Mwaka huu wakikata ndizi vipande vinene, viive hivyohivyo vinene.

Sasa mumeo. Maneno haya ayaseme yeye kwa ndugu zake, tena mapema, kabla hamjakata tiketi. Ukiyasema wewe ni malalamiko ya mke, akiyasema yeye ni utaratibu wa nyumba. Usimwendee usiku umechoka ukaanza na ya miaka yote. Mwonyeshe ile picha. Mwambie mtoto aliuliza nini. Kisha mwombe aandike kwenye grupu kitu kama hiki: "Ndugu zangu, mwaka huu tarehe 25 mimi, mke wangu na watoto tutakuwa ibadani pamoja. Chakula cha mchana kitakuwa saa tisa. Ndizi tutamenya wote tarehe 24 jioni. Nyama ni ya wanaume. Kila nyumba itachangia hela ya wasaidizi wawili wa jikoni." Asiongeze maelezo, wala asiombe radhi.

Saa tisa haitamuua mtu. Wewe unazijua sharika za mlimani: ibada ikiisha kuna mnada nje, kuku, mayai, na mkungu wa ndizi unaonunuliwa, ukarudishwa, ukanadiwa tena. Kabla ya saa nane nani amefika nyumbani? Watoto wapewe chai nzito na maandazi asubuhi, wataishi.

Kumenya tarehe 24 kunawezekana kabisa. Beseni kubwa la maji, ndizi zikimenywa zinatumbukizwa humo zisiwe nyeusi, na kila mtu apakwe mafuta mikononi kwanza kwa ajili ya utomvu. Vijana wa kidato cha pili nao waitwe, simu zao ziwekwe kabatini. Watalalamika dakika kumi, kisha utasikia vicheko, maana hakuna mahali pa umbea mtamu kama kwenye beseni la ndizi. Na kuhusu nyama, wanaume wa huko ndio wanaochinja na ndio wanaochoma, hilo wanajivunia. Mwanaume anayejua kumgawa mbuzi mzima, kila mkubwa na kipande chake cha heshima, bila kukosea hata mmoja, asiniambie hawezi kutazama sufuria ya wali.

Mkwe wako hukumtaja, na hilo limenishangaza. Mtangulie shemeji yako, umpigie mama simu wiki hii. Usimshitakie wanawe. Mwulize tu yeye enzi zake alikuwa anaipataje ibada ya Krismasi. Huenda akakuambia alikuwa anawahi mkesha, huenda akakuambia na yeye hakuwa anaipata. Kwa vyovyote utakuwa umemfungulia mlango, na bibi wa boma akisema "mwacheni mke wa mwanangu aende kanisani," sijui shemeji gani atainua mkono kupinga.

Akipinga mtu bado, mumeo akanyamaza, basi nenda kanisani hivyohivyo. Jioni ya 24 umeshamenya, asubuhi ya 25 vaa kitenge chako, mshike binti yako mkono, mkatoke. Wakiitwa mbele na bahasha, simama nao. Chakula kikichelewa, kimechelewa.

Hao wasaidizi wa kukodi, wale akina dada wa jirani, walipeni jioni ya tarehe 24 hela yao yote, na asubuhi ya 25 wapeni nafasi. Nao wana watoto, na wana kanisa la kwenda.